Gari Limeshiba

Mtaani walimwita Fyuzi. Si kwamba alikuwa mwepesi wa kuungua; alikuwa mpole hadi wateja wengine wakadhani hasikii vizuri. Jina lilitokana na swali lake. Lije gari la kupigwa rangi, lije la kuzibwa pancha, yeye angeuliza kwanza, "Fyuzi umeangalia?" Alikuwa fundi umeme wa magari, na karakana yake ilikuwa uani kwake: paa la mabati, meza ya chuma yenye jiriwa ya kubania vyuma, ukuta uliojaa misumari iliyotundikwa nyaya za kila rangi, na shimo la kuingilia chini ya magari alilolichimba mwenyewe kabla hajaoa.

Mkewe alikuwa dereva. Alirithi pikapu kwa mjomba wake, gari la zamani lenye taa mbili za mviringo na pua pana, milango yake ikijifunga kwa kishindo kama ya ghala. Aliwabebea watu vitanda, mabati, viti vya kukodi, mifuko ya saruji. Majirani walitania, "Mke anaharibu, mume anatengeneza." Naye alikuwa akijibu kabla hawajamaliza kucheka, "Nisipoharibu, mwenzangu atapata wapi kazi?"

Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume. Alipokuwa mchanga alilala amekunja mikono kifuani na uso amekunja vilevile, kama mwenye kampuni aliyecheleweshewa chai, baba yake akamwita Bosi. Jina likashika. Tangu hapo mtaa mzima ukawaita Baba Bosi na Mama Bosi, na wao wenyewe wakaitana hivyo, mpaka ikawa akisikia jina lake la kuzaliwa mke anageuka kutazama nani anaitwa.

Ndani ya pikapu, kiti cha Bosi kilikuwa cha katikati, na alichokipenda kuliko vyote ni geji ya chaji. Ilikuwa duara dogo kwenye dashibodi lenye mshale mwembamba. Betri ikipokea umeme, mshale uliegemea kulia. Taa zikiwashwa na betri ikanyonywa, uliegemea kushoto. Baba yake alimfundisha kwa lugha ya mtoto: kulia gari linashiba, kushoto gari lina njaa. Basi kila safari ikawa na mtangazaji wake. "Mama, gari limeshiba!" Wakienda kidogo, "Mama, zima taa, gari lina njaa!"

Na kweli lilikuwa na njaa mara nyingi. Alteneta yake, mashine ya kuzalisha umeme wa gari, ilikuwa ndogo, ya enzi ambazo gari halikuwa na kazi ya umeme ila taa na honi. Waya wake mwembamba ulipenya ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, ukaingia hadi kwenye geji, ukatoka tena nje ndipo ufike kwenye betri, na kila ulipounganishwa palikuwa na kutu. Fyuzi aliijua dawa: alteneta kubwa, waya mnene wa moja kwa moja, na rilei, zile swichi ndogo za umeme, za kuzipa taa umeme wake. "Wiki ijayo nitalifumua lote," alikuwa akisema. Wiki ijayo ilikuja na magari ya watu. Kinyozi hajinyoi, mkewe alimcheka, bila kisirani. Alikuwa ameshazoea kuegesha penye mteremko, ili gari liwake kwa kuteremka.

Ndipo Bosi aliposhikwa na homa. Asubuhi alikuwa mtoto mwenye joto tu, aliyekataa uji. Mama yake alimpapasa shingo, akasita mlangoni, kisha akaenda, maana alikuwa na makabati ya mteja garini tangu jana yake. Mchana joto lilipanda, mtoto akaanza degedege, baba yake akambeba mbio hospitali. Akampigia simu mkewe, naye akageuza gari palepale. Mvua ilikuwa imeanza. Taa na wipa vilinyonya betri moja iliyochoka, na huko katikati ya mashamba injini ikazima, isiwake tena. Alipofika hospitali, amelowa mpaka kwenye mifupa, mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi ameshika soksi moja ya mtoto. Ya pili hakujua iko wapi.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Waliokuja kuwafariji walirudi kwao wakisema, wale wana subira jamani, neno baya halikutoka. Neno zuri nalo halikutoka. Walikuwa wakipishana kwenye korido ya nyumba yao ndogo kama wapangaji wawili. Majirani hawakujua wamwiteje mke; mmoja angeanza, "Mama Bo..." akamalizia kwa kukohoa. Mume alirudia kumwita Dereva, kama alivyomwita walipokuwa wachumba, naye akamwita Fundi. Shangazi yake mume akaja kukaa nao. Aliosha vyombo, akapika, akawatazama, mwisho akasema, "Wanangu, zaeni mwingine." Alisema kwa huruma. Usiku huo mke alihamishia mto wake chumba cha pili.

Mwaka ukapita, ukaanza mwingine. Asubuhi moja, wakinywa chai, mke akasema, "Dada ananiita." Dada yake mkubwa alikuwa na kiwanda kidogo cha samani katika mji mwingine, ng'ambo ya milima. "Anatafuta mtu wa kumsambazia mizigo."

"Kwa muda?"

"Sijui kusema kwa muda."

Fyuzi alikoroga chai yake ambayo hakuitia sukari. "Basi chukua gari," akasema.

"Ni langu," mkewe akajibu.

Kidogo wacheke. Kisha Fyuzi akasema barabara ya kule ina ukungu, mtu anawasha taa hata mchana, na gari lile halifiki na waya ule. Mkewe akamwambia, "Basi litengeneze."

Kesho yake alifunga geti kwa wateja. Alianza kwa kuvua kichwa cha betri cha upande wa hasi, kama alivyoanza kila kazi, kisha akaenda kwenye rafu ya nyuma na kurudi na kitu kizito kilichofungwa kwa shuka kuukuu. Ilikuwa alteneta, kubwa, imeshasafishwa hata kwenye mapezi ya feni. Mkewe alikuwa ametoka uani amevaa ovaroli yake ya kubebea saruji. Hakuitwa, na hakufukuzwa.

"Umeinunua lini hiyo?"

"Siku nyingi."

"Lini?"

"Wiki ile tuliyozika," alisema. "Niliiona kwa wauza vyuma chakavu. Nikaileta, nikashindwa kuigusa."

Mke alichukua spana, akaanza kulegeza bolti za alteneta ya zamani.

Walifanya kazi vizuri. Hilo ndilo lililouma, kwamba mikono yao bado ilikuwa inajuana. Alteneta mpya ilikuwa na sikio la kufungia jembamba kuliko mahali pake, Fyuzi akakata kipande cha bomba, akakisugua kwa tupa mpaka kikaziba pengo, na kila aliponyoosha mkono kifaa alichokitaka kilikuwa kiganjani. Mke alivuta mkanda kwa nondo huku mume akikaza. Wakapima waya mnene, mwekundu, wa unene wa kidole, kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri, mbali na bomba la moshi. Fyuzi akaukata, akaumenya, akauvisha vichwa vya shaba na kuvibana, kisha akaviyeyushia risasi ya kulehemu hadi ikang'aa. Karibu na betri akafunga fyuzi kubwa ndani ya kisanduku chake.

"Fyuzi umeangalia?" mke akauliza kwa sauti nzito ya kumwiga.

Akacheka, Fyuzi, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Kisha wote wawili wakainamia kazi haraka, kama waliovunja kitu.

Alasiri ilipoanza waliingia ndani ya gari. Fyuzi alilala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi. Mke akakaa kiti cha dereva akimmulikia kwa tochi. Mume akafungua skrubu za dashibodi, akaivuta ile geji mbele kiasi cha nyaya zake kuruhusu, akaigeuza.

"Angalia," akasema.

Nyuma ya geji, pale nyaya mbili zilipofungwa kwa nati, plastiki ilikuwa imegeuka kahawia kama ganda la mkate. Waya mmoja ulikuwa umeyeyuka ngozi. Hata harufu ya kuungua bado ilikuwepo.

"Hii inatolewa," alisema Fyuzi. "Nyaya zake naziunganisha pembeni. Hapa naweka geji ya volti, ndogo, yenye waya wake mwembamba na fyuzi yake."

"Haitolewi."

Akadhani hakusikia vizuri. "Dereva, umeme wote wa gari unapita hapa. Alteneta ya zamani ilikuwa dhaifu na bado imepaunguza hivi. Hii mpya ina nguvu maradufu. Nati ikilegea kidogo tu, moto unaanzia magotini mwako."

"Badilisha vingine vyote. Hiyo iache."

"Utaungua ukiwa ndani."

"Basi niungue!"

"Usiseme maneno kama hayo."

"Wewe unasema maneno gani?" Akammulika tochi usoni. "Mwaka mzima na zaidi. Unasema chai imepoa. Unasema geti halijafungwa. Unasema maneno gani wewe, Baba Bosi?"

Jina lile halikuwa limetamkwa ndani ya ua ule tangu mazishi. Fyuzi alitoka chini ya dashibodi taratibu, akakaa kiti cha abiria. Kati yao palibaki nafasi ile ya katikati, na wote wakajitahidi wasiitazame.

"Hujawahi kuniuliza," mkewe alisema, sauti imeshuka. "Siku ile. Nilikuwa wapi, nilifanya nini. Hata mara moja."

"Niliogopa utaniambia."

"Nakuambia sasa." Alilaza tochi mapajani, akashika usukani kwa mikono miwili, kama yuko barabarani. "Mshale ulikuwa umelala kushoto. Kushoto kabisa. Nikazima wipa, nikatoa kichwa dirishani ili nione njia. Haukusogea. Nikazima taa, naendesha kwenye mvua bila taa, magari yananipigia honi. Haukusogea. Nikawa nauambia, shiba. Shiba, tafadhali, shiba. Naongea na mshale, mtu mzima mimi. Halafu injini ikakohoa, basi. Nikateremka nikasukuma peke yangu, bega hapa kwenye nguzo ya mlango. Wakatokea wapita njia wakanisaidia mpaka wakakosa pumzi, lakini pale hakuna mteremko. Magari yanapita, yananirushia maji. Mpaka akaja yule wa lori akaniazima umeme wa betri yake. Nilijua nimechelewa. Sijui nilijuaje. Nilipokuwa nafunga boneti nilijua."

Fyuzi alikuwa anatazama viganja vyake.

"Aliniuliza," akasema mwishowe.

"Nani?"

"Mwanao. Pale kitandani. Degedege lilikuwa limemwachia, akafumbua macho. Akaniuliza, gari la mama limeshiba?" Akavisugua viganja. "Ulikuwa umeshanipigia ukaniambia limezima. Nilikuwa najua. Nikamwambia limeshiba, mwanangu. Limeshiba kabisa. Akasema, basi atafika. Akafumba macho. Hakuongea tena."

Mke alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Tochi ilianguka sakafuni ikabingirika hadi mlangoni.

"Alisema nitafika?"

"Alisema utafika."

"Aliogopa?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa, naye ananitazama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Neno la mwisho aliloondoka nalo mwanangu ni uongo wangu. Na gari lenyewe ni mimi niliyekuwa nasema wiki ijayo, wiki ijayo. Ningeanzia wapi?"

"Ungeniambia hivyohivyo," alisema mkewe, na sasa machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. "Kila nikilala namwona ananililia, ananitafuta mlangoni. Kila nikilala. Ungeniambia alijua nitafika. Ningekuwa nalala."

Hapo Fyuzi aliona kwamba kumbe siku zote hizo alikuwa ameshika dawa ya mwenzake mfukoni, akidhani ni sumu. Akanyoosha mkono, akamshika bega. Mkono ulikuwa na grisi, ukaacha alama ya vidole kwenye ovaroli. Hakumvuta, wala yeye hakuegemea. Walikaa vile mpaka kuku wa jirani wakaingia uani na kuanza kuchakura karibu na magurudumu.

"Itoe," mke akasema.

Akaitoa. Alizifungua zile nati mbili, akakata nyaya zilizoungua, akaziunganisha nzima kwa nzima, akazivisha mpira na kuzifunga tepu nyeusi. Geji ya zamani akampa mkewe, naye akaifuta kioo kwa kidole gumba na kuiweka ndani ya mkoba wake wa safari, kati ya nguo.

Mtu angedhani baada ya maneno yale mkoba ungefunguliwa. Fyuzi naye alidhani. Alipokuwa anafunga rilei za taa kubwa kwenye ukingo wa boneti, akauliza bila kuinua kichwa, "Bado unaenda?"

"Naenda."

"Hata baada ya haya?"

Mke alikuwa ameshika kipande cha tepu kwenye ncha ya kidole, anamsubiri. "Nikikuangalia nakuona pale kwenye benchi, na soksi," alisema. "Si kosa lako. Sina hasira na wewe, nakuapia. Nakuona tu. Wewe ukiniangalia unamwona nani?"

Fyuzi alitaka kudanganya tena, akakosa nguvu. "Nakuona unaingia pale mlangoni umelowa."

"Umeona."

Akampa ile tepu.

Walipowasha gari, injini ilishika mara ya kwanza, kitu ambacho haikuwahi kufanya. Fyuzi akaweka mita kwenye betri: volti kumi na nne na ushei. Akawasha taa kubwa, wipa, honi juu yake; namba ikayumba kidogo na kurudi palepale. Ukutani kwa jirani, hata kwenye jua la jioni, taa zilichora maduara mawili meupe, si ile njano ya uji waliyoizoea. Kazi ilikuwa safi. Alikuwa hajawahi kufanya kazi safi kuliko ile, na akasimama pale akiichukia.

Mke hakusubiri asubuhi. Alisema akilala pale usiku mmoja zaidi hatatoka. Wakapakia magodoro, sanduku, jiko, viti viwili kati ya vinne. Fyuzi akamwekea mkanda wa akiba na fyuzi za akiba chini ya kiti, akamweleza zinavyobadilishwa, na mkewe, aliyezijua kabla hajaolewa, akamsikiliza mpaka mwisho. Getini alishusha kioo.

"Usiache kula, Fundi."

"Endesha polepole."

"Unanijua."

"Ndiyo maana nasema."

Pikapu ikapinda kwenye kona ya mshona viatu ikatoweka. Fyuzi alirudi uani kunawa. Alipaka sabuni, akasugua grisi kwenye kucha kama kila jioni, na maji yalipoanza kutiririka akasikia sauti ya mtu analia, akainua kichwa kutafuta ni nani. Alikuwa ni yeye. Hakuwa amelia siku ya mazishi, wala siku ya tatu, wala wakati wowote, na sasa alilia amesimama na mapovu mpaka kwenye viwiko, kwa sauti ambayo watu waliisikia hadi barabarani. Mshona viatu alikuja, akachungulia, akalifunga geti kutoka nje na kukaa hapo kwenye kiroba chake. Aliyetaka fundi akaambiwa, "Leo hapana. Leo fundi ana kazi yake mwenyewe."

Simu ililia usiku.

"Nimefika."

"Taa?"

"Zinawaka kama harusi. Kule kwenye ukungu malori yalinipisha, yakidhani mimi ni mkubwa mwenzao." Kisha akauliza, "Fundi, umelia?"

"Nina mafua."

"Haya. Nami nina mafua."

Mwanzoni walipigiana mara kwa mara, habari zenyewe za mkanda na oili. Kisha mara mojamoja. Dada yake mkubwa alimwambia Fyuzi kwamba siku hizi mdogo wake analala usiku kucha, hata kengele ya saa haimwamshi, na Fyuzi akasema amefurahi, na ni kweli alifurahi. Wateja wake waliona amekuwa mtu wa kuongea zaidi kidogo kuliko zamani; mwenye jambo la nyumbani alianza kumsimulia huku anafungiwa taa, naye alimwambia, "Kamwambie mwenzako, usiniambie mimi." Lakini jioni alikula kwa kusimama karibu na jiko, na chumba cha pili hakukifungua.

Watu humuuliza kama walirudiana. Hawakurudiana. Mara moja tu mke alipita mjini na vitanda vya mteja, akasimamisha gari getini. Alikuwa amenenepa kidogo, kumempendeza. Walikunywa chai wakiwa wamesimama, wakaongea habari za dada, za shangazi, za bei za mbao. Kisha Fyuzi akaomba afungue boneti, aangalie mara moja. Akaugusa waya mwekundu, ulikuwa umekaza. Akabonyeza mkanda, ulikuwa sawa. Akafungua kisanduku cha fyuzi, kikavu, safi. Alilizunguka gari lote akigonga hapa, akivuta pale, mkewe akimsubiri bila haraka na funguo mkononi. Hakuona kitu cha kutengeneza.